Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Mvuke wa Mchina na Moshi wa Bahati

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii tumezoea kuifundisha madarasani kama pambo la insha. Mwanafunzi huikariri, akaiandika, akajipatia alama yake, kisha akaisahau. Ni nadra sana kuulizana mwenyeji huyo anaugua ugonjwa gani hata awe na haja ya kuponywa na mgeni. Leo ningependa tuliulize swali hilo, msomaji mpenzi, nasi tutaanzia mezani.

Mwishoni mwa mwaka rafiki yangu mmoja, mwalimu wa shule ya upili huko Bahati katika Kaunti ya Nakuru, alikuja Nairobi kusahihisha karatasi za mtihani wa kidato cha nne. Kazi ilipokwisha nilimwalika tule chakula cha mchana kabla hajapanda matatu ya kurudi nyumbani. Nilimpeleka katika mkahawa wa Kichina ambao sifa yake kuu ni vyakula vinavyopikwa kwa mvuke. Mwalimu alisita kidogo mlangoni. "Ndugu yangu," akaniambia, "mimi ni mtu wa githeri. Usije ukaniaibisha kwa vile vijiti vyao." Nikamhakikishia kwamba hata vijiko vipo.

Vyakula vililetwa ndani ya vikapu vya mianzi, kimoja kimepangwa juu ya kingine mfano wa ghorofa. Kikapu cha kwanza kilikuwa na mikate midogo myeupe, laini kama pamba, isiyoonja mafuta wala tanuri. Baada yake alikuja samaki mzima aliyelazwa juu ya vipande vya tangawizi na majani ya vitunguu. Mwalimu alimtazama samaki huyo kwa heshima ya mbali, kwa maana wazee wa Kikuyu wa zamani hawakuwa walaji wa samaki, na kumbukumbu ya mababu haifutiki upesi ulimini. Lakini kikapu cha tatu kilipofunuliwa, mvuke ukapaa, na ulipotawanyika mwalimu akabaki ameduwaa. Ndani yake mlikuwa na vipande vya mahindi, viazi vitamu, nduma, boga na njugu ambazo hazijamenywa.

Aliangua kicheko hata majirani wa meza ya pili wakageuka. "Haya ndiyo mama aliyonipa kila asubuhi nikienda shule! Nimesafiri kutoka Bahati hadi Nairobi kuja kuuziwa nduma na Mchina?" Kisha akanyamaza, akachukua kipande cha nduma, akakitafuna polepole. Aliponena tena sauti yake ilikuwa imetulia. "Tofauti ni moja tu. Ya mama yalikuja na moshi."

Tangu siku hiyo sentensi hiyo haijaniondoka akilini, nami naamini kwamba imebeba hoja kubwa kuliko vitabu kadhaa vya uchumi.

Kwanza tuutazame ufundi wenyewe. Wachina hawakuanza jana kupika kwa mvuke. Mwaka 1976 wachimbaji wa mambo ya kale walifukua kaburi la Fu Hao huko Anyang. Mama huyu alikuwa mke wa mfalme Wu Ding wa ukoo wa Shang, na pia jemadari wa vita, aliyeishi zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Miongoni mwa hazina za shaba nyeusi alizozikwa nazo palikuwa na chombo kimoja cha ajabu: tanuri refu lenye nafasi tatu juu yake, na katika kila nafasi chungu cha kupikia kwa mvuke. Moto mmoja ulitosha vyungu vitatu. Mpaka leo mji wa Xiantao katika jimbo la Hubei unasifika kwa mapishi yake matatu ya mvuke, yaani nyama, samaki na mboga, vyote vikiwa vimepakwa unga wa mchele.

Hekima ya mapishi hayo haimo katika viungo. Imo katika kuubana moto. Mpishi hutia maji kidogo chunguni, akapanga vikapu vitatu au vinne juu yake, naye akatumia moto ambao kwetu ungechemsha sufuria moja. Walimu wa fizikia watanisaidia kuwaeleza wanafunzi wao sababu. Kilo moja ya maji inapogeuka kuwa mvuke hubeba joto lililofichika, ambalo ni zaidi ya mara tano ya lile lililohitajika kuyatoa maji hayo katika baridi ya barafu hadi yakachemka. Mvuke ukigusa nduma baridi hugeuka tena kuwa maji, na papo hapo huitoa amana hiyo yote na kuiachia nduma. Nao walimu wa sayansi kimu wataongeza kwamba mboga isiyozamishwa majini haipotezi vitamini zake kwa wingi kama ile tunayoichemsha kisha tukamwaga supu yake.

Je, sisi hatukujua hayo? Tulijua sana. Kule Buganda husimuliwa kwamba mpishi wa Kabaka Mwanga ndiye aliyebuni luwombo mwaka 1887, nyama iliyofungwa katika jani la mgomba ikaivishwa kwa mvuke. Hadi leo matoke ya Baganda hufunikwa kwa majani yayo hayo. Pwani yetu mpishi hodari huupalia wali makaa juu ya kifuniko, ukamalizika kuiva kwa mvuke wake wenyewe. Hata huko Bahati mama zetu walitia maji kidogo chunguni, wakafunika nduma kwa majani ya mgomba, wakauacha mvuke ufanye kazi. Mahindi na viazi vitamu vyenyewe ni wageni kutoka Marekani, kwa Wachina kama kwetu. Wao waliwapokea wageni hao wakawatia katika vikapu vyao vya kale. Sisi tuliwapokea, tukawatia katika sufuria kubwa, tukaifunua, tukaongeza kuni. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wazee. Nasi mbachao tuliuacha hata kabla msala haujapita.

Sasa twende Bahati yenyewe. Eneo hili la mashamba madogo ya mahindi, viazi, kabeji na ng'ombe wa maziwa limelala ubavuni mwa mlima Menengai, kando ya barabara ya kutoka Nakuru kwenda Subukia na Nyahururu. Shule zake ni nyingi, na kila shule ina jiko. Ingia katika jiko la shule yoyote ya bweni saa kumi alfajiri, utakuta hali ambayo wanafunzi wengi huiona tu kwa umbali wa dirisha la kupakulia chakula. Kuta ni nyeusi tititi. Mpishi amejifunga leso, macho mekundu kama ya mlevi ilhali hajaonja tone. Sufuria la githeri limekaa motoni tangu usiku, na nje limesimama rundo la magogo lililoshushwa na lori, rundo ambalo kabla ya muhula kwisha litakuwa jivu.

Kwa nini githeri haliivi? Hapa pana jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa. Mji wa Nakuru uko takriban mita 1,850 juu ya bahari, na Bahati imepanda zaidi ya hapo. Kadiri tunavyopanda ndivyo hewa inavyopungua uzito, na maji huchemka kabla hayajapata joto kamili. Mombasa maji huchemka yakifika nyuzi 100. Nakuru huchemka yakifika takriban 94. Ukizidi kuchochea moto maji hayapati joto zaidi, hupungua tu. Kwa hiyo mpishi wa Bahati anayeongeza magogo ili maharagwe yaive haraka anapasha joto hewa, si maharagwe. Elimu tunayo darasani, nayo haijavuka hatua mia moja kufika jikoni.

Gharama ya kutojua huko ni kubwa. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba asilimia 55 ya nyumba za Kenya zilitegemea kuni kwa mapishi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa ndani ya nyumba ulisababisha vifo milioni 3.2 ulimwenguni katika mwaka wa 2020. Mwaka 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, kuni ziliadimika, nao wazazi ndio waliobeba mzigo kupitia karo. Na mpishi wa shule, yule mama tunayemwita kwa jina la mwanawe, hana pa kudai mapafu yake atakapostaafu.

Hayo yangesikitisha popote pale. Yanayoifanya Bahati iwe kitendawili ni yale yaliyo upande wa pili wa kilima. Wazee husimulia kwamba mvuke unaofuka ndani ya kreta ya Menengai ni roho za mashujaa wa Kimaasai walioangukia humo katika vita vyao vya karne ya 19. Wanasayansi husema ni maji yaliyokutana na mwamba wa moto ardhini. Mwaka 2011 kampuni ya serikali ya GDC ilianza kuchimba visima ndani ya kreta hiyo, vingine vikizidi kina cha kilomita 2. Mwaka 2023 kituo cha umeme cha Sosian chenye uwezo wa megawati 35 kilianza kazi humo, mitambo yake ikiwa imetengenezwa na kampuni ya Kaishan kutoka China. Basi Mchina yuleyule anayetuuzia nduma ya mvuke Nairobi ndiye aliyekuja kutufungia mtambo wa mvuke kwetu. Watu wake wamezoea kuona mvuke wakauliza: huu utafanya kazi gani? Sisi tunauona tukasema: ni mizimu.

Haki itendeke hapa, kwani si kweli kwamba hakuna Mkenya aliyeuliza. Wataalamu wa GDC walijenga humo Menengai miradi ya mfano inayotumia joto la visima bila kwanza kuligeuza umeme: mtambo wa kuchemsha maziwa, kitalu cha mboga kinachopashwa joto, mabwawa ya samaki na mashine za kufua nguo. Kule Eburru, ng'ambo ya Gilgil, wenyeji wamekuwa wakiunasa mvuke wa ardhini, wakaupoza na kuteka maji ya kunywa, na tangu enzi za walowezi pareto ilikaushwa kwa joto hilo. Olkaria, ambako umeme wa mvuke ulianza kuzalishwa mwaka 1981, mashamba ya maua yamewahi kuyapasha joto maua yao kwa njia hiyo. Maua, msomaji wangu, yamepashwa joto la mvuke ili yapendeze mezani Ulaya, huku githeri la mtoto wa Bahati likingoja lori la kuni.

Nini kifanyike? Kuna watakaosema serikali imekwisha kutangaza nia ya kuondoa kuni katika shule na kuleta gesi ya mitungi. Nia hiyo ni njema nami naiunga mkono; heri gesi kuliko magogo. Lakini gesi hiyo hutufikia kwa meli kupitia Mombasa, na bei yake hupandishwa na kushushwa na vita ambavyo hatukuvianzisha. Shule inayoshindwa kulipa lori la kuni itawezaje kulipa gesi pindi bei inapopaa? Gesi na itumike, ila isitufumbe macho tusiione hazina iliyo chini ya nyayo zetu.

Wengine watauliza kama nataka bomba la mvuke litoke kreta hadi katika kila shule ya Bahati. La hasha. Mvuke haupendi safari ndefu. Hupoa njiani ukawa maji ya vuguvugu. Lakini maharagwe husafiri. Hapa ndipo penye pendekezo langu. Kando ya visima vya Menengai na pajengwe jiko moja kubwa la maharagwe na mahindi, litumie mvuke wenye shinikizo, ambao joto lake hupita mbali zile nyuzi 94 zetu. Nafaka zipikwe humo zikakaribia kuiva, zikaushwe kwa joto lilo hilo, zitiwe katika magunia na kupelekwa shuleni. Mpishi wa shule atakuwa na kazi ya kuzimalizia kwa muda mfupi tu, kwa gesi au kwa kuni chache. Mkulima wa Dundori na Kabatini atapata mnunuzi wa karibu, na msitu wa Bahati utapumua. Sisemi ni kazi ya siku moja, wala sidai ni rahisi. Nasema ni hesabu ambayo kaunti, GDC na bodi za shule wanapaswa kukaa pamoja waipige, na kama haitoki, watuonyeshe ilipokwama.

Kuna na mambo ambayo hayamngojei mkubwa yeyote. Maharagwe yalowekwe usiku kucha, maji yale yamwagwe, nayo yatahitaji moto mchache sana. Sufuria ifunikwe, tena kwa kifuniko kinachoshika. Maji yakishachemka moto upunguzwe, maana tumekwisha kuona kwamba kuchochea zaidi hakuongezi joto. Viazi, nduma na kabeji vipangwe juu ya wavu ndani ya sufuria ileile ambamo maharagwe yanachemka chini, vikaivishwa na mvuke ambao leo tunauacha upotelee darini. Huo ndio ule moto mmoja wa Fu Hao. Wanafunzi waweza kupima kwa mizani kuni zilizotumika kabla na baada, wakachora jedwali, wakaliwasilisha mbele ya mwalimu mkuu. Huo utakuwa mradi wa sayansi wenye faida kuliko volkano ya udongo na soda tunayoiona kila mwaka katika maonyesho.

Naisikia tayari sauti ya msomaji mwenye kinyongo: tujifunze nini kwa watu ambao mwaka 2015 mmoja wao alipatikana jijini Nairobi akiwafungia Waafrika mlango wa mkahawa wake baada ya saa kumi na moja jioni? Kinyongo hicho kina haki. Umma ulipiga kelele, mkahawa ukafungwa, mwenyewe akashtakiwa kwa kuendesha biashara bila leseni, na hivyo ndivyo ilivyostahili. Mgeni anayemfungia mwenyeji mlango hajaja kumponya mtu. Lakini kosa la mwenye mkahawa halikuwa kosa la kikapu chake, na kujifunza si kupiga magoti. Mwanafunzi hodari huweza kuchukua hesabu kutoka kwa mwalimu mkali, akamwachia ukali wake.

Isitoshe, wageni hawa hawaondoki kesho. Novemba 2025 Rais William Ruto alizindua upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit, kazi iliyokabidhiwa makampuni ya China pamoja na hazina yetu ya NSSF, na barabara hiyo hupita Nakuru. Katika Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, kuna Taasisi ya Confucius tangu 2012, iliyoanzishwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Nanjing. Mwaka 2019 wakuza mitaala wetu walitangaza kwamba Kichina kitafundishwa katika shule za msingi kuanzia 2020. Vyema. Ila nauliza: mtoto wetu akishajua kutamka neno zheng, ambalo ndilo neno lao la kupika kwa mvuke, atalipeleka wapi? Atalitumia kuwakaribisha wateja mlangoni mwa mkahawa wa mwingine, au ataenda nalo Nanjing aulize wanavyokausha nafaka, kisha arudi Menengai? Lugha bila swali la kuuliza ni vijiti bila chakula.

Hivyo narejea kwenye methali yangu. Ugonjwa wa mwenyeji ni kuvidharau vya kwake mpaka avikute vimepangwa katika kikapu cha mgeni, vikiwa na bei. Mgeni hakutuletea nduma, tulikuwa nayo. Hakutuletea mvuke, tunaukalia. Alichotuletea ni mazoea ya kutoupoteza moto, nayo mazoea hayatozwi ushuru bandarini.

Tulipomaliza kula, mwalimu aliomba vile vipande vya nduma vilivyobaki afungiwe. Dada aliyetuhudumia, Mkenya mwenzetu, alimfungia kwa tabasamu. Nilimsindikiza hadi kituo cha matatu za Nakuru, kifurushi kikiwa bado kina joto mkononi mwake. Nikamuuliza anampelekea nani, mke au watoto. Akanijibu kwamba anampelekea mpishi wa shule yao. "Nataka aonje," akasema, "halafu nimwambie hapakuwa na moshi. Najua hatasadiki. Ndipo tutakapoanza mazungumzo."

Natumaini mazungumzo hayo yameanza. Nawe, mwalimu unayesoma ukurasa huu chumbani mwa walimu, na wewe mwanafunzi uliyeuazima kutoka mezani pake, hatua mia moja kutoka hapo mlipo pana jiko. Nendeni mkaone kama sufuria imefunikwa.